Kivinjari na Mfumo wa Kazi za Pamoja: Nini Kifunguliwe, Nini Kiachwe Kimefungwa

Hati ya pamoja imefunguka, jina lako linaonekana pembeni, lakini neno "inahifadhi" haliondoki. Au umeandika nenosiri sahihi kabisa, ukurasa ukazunguka kidogo, kisha ukakurudisha palepale pa kuandika nenosiri. Au mko mkutanoni na wenzako wanakuona unachezesha midomo bila sauti kutoka. Mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia ufute historia yote ya kivinjari. Wa pili atakwambia uzime ulinzi. Wa tatu atakushauri usakinishe kivinjari kingine. Mara nyingine mmoja wao hupatia, na hapo ndipo ushauri mbaya unapojijengea jina.

Matatizo haya hayafanani kwa sura, lakini mengi yana mzizi mmoja. Kivinjari kimeundwa kisiiamini tovuti yoyote. Kila ukurasa unaoufungua ni programu ya mtu usiyemjua inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako, kwa hiyo kivinjari huizungushia uzio: isiguse mafaili yako, isiwashe kamera, isikufuatilie unapohamia tovuti nyingine. Mfumo wa kazi za pamoja, kwa upande wake, huomba karibu kila kitu ambacho kivinjari kimefundishwa kukataa. Hapa nazungumzia mifumo ya kuandika hati watu wengi kwa wakati mmoja, kugawana kalenda na mafaili, kupiga soga za kikazi na kukutana kwa video: Google Workspace, Microsoft 365, Nextcloud, Slack na mingine ya aina hiyo. Mfumo kama huo unataka ukumbuke wewe ni nani kuanzia asubuhi hadi jioni, uwe na njia ya mawasiliano iliyo wazi muda wote, ufungue madirisha mapya, usikie sauti yako, uone skrini yako, na ukuite hata ukiwa kwenye kazi nyingine.

Kusanidi kivinjari ni kupatanisha pande hizo mbili. Msimamo wangu, ambao utaonekana katika kila sehemu ya makala hii, ni kwamba ruhusa itolewe kwa anwani ya mfumo huo peke yake, si kwa intaneti nzima. Vivinjari vyote vikubwa vina sehemu ya mipangilio ya tovuti mojamoja. Wengi hawaifungui kamwe, ilhali ndiko tiba nyingi ziliko.

Safari ya herufi moja

Kivinjari cha kwanza kabisa, alichokitengeneza Tim Berners-Lee akiwa CERN, maabara ya utafiti wa fizikia ya Ulaya, mwaka 1990, kilikuwa na uwezo wa kusoma kurasa na pia kuzihariri. Vivinjari vilivyokuja kuenea baadaye viliacha uhariri vikabaki vya kusomea. Unabofya, unasubiri, ukurasa mzima unakuja upya. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1999, Internet Explorer 5 ilipoleta njia ya ukurasa kuomba data kwa seva, yaani kompyuta ya mbali inayotoa huduma, kimyakimya bila kupakiwa upya. Njia hiyo ilibuniwa ndani ya Microsoft kwa ajili ya barua pepe za Outlook zinazosomwa kwenye wavuti. Mwaka 2011 ikatoka rasmi itifaki (kanuni za mawasiliano) ya WebSocket, ambayo hufungua njia ya pande mbili kati ya kivinjari na seva na kuiacha wazi, ili kila upande uongee wakati wowote bila kusubiri kuulizwa.

Sasa bonyeza herufi "k" kwenye hati ya pamoja, tuifuate. Msimbo wa JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa na kivinjari, ulio ndani ya ukurasa unaidaka na kuionyesha kwenye skrini yako papo hapo, kabla seva haijajua lolote. Kisha unaandika ujumbe mfupi, mathalani: weka "k" kwenye nafasi ya 214, kwa kuhesabu kutoka toleo la 1,082 la hati. Ujumbe unaondoka. Lakini wakati huohuo mwenzako amefuta neno la herufi tano mwanzoni mwa ukurasa, na mabadiliko yake yamefika kwa seva kabla ya yako. Nafasi yako ya 214 sasa ni ya 209. Ni lazima hesabu ifanyike upya, la sivyo "k" yako itatua katikati ya neno jingine. Ukokotoaji wa namna hii ulielezwa na Clarence Ellis na Simon Gibbs mwaka 1989, na hadi leo ndio msingi wa Google Docs. Seva ikishaupanga ujumbe wako kwenye foleni, inakuthibitishia, na hapo ndipo "inahifadhi" inapogeuka "imehifadhiwa".

Kwa hiyo "inahifadhi" isiyoondoka ina maana mahususi: ulichoandika kiko kwenye kompyuta yako na hakijathibitishwa popote pengine. Usifunge kichupo (tab). Usipakie ukurasa upya. Chagua maandishi yako mapya, yanakili, yabandike kwenye faili la kawaida, ndipo uanze kutafuta kilichokata njia. Huenda ni kiendelezi, yaani programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari, kinachozuia JavaScript, au mtandao wa ofisi unaokata miunganisho inayodumu, au kivinjari chenyewe kimekilaza kichupo. Baadhi ya mifumo ikinyimwa WebSocket haifi, bali hurudia njia ya zamani ya kuiuliza seva kila baada ya muda mfupi. Ukiona maandishi ya wenzako yanatokea kwa mafungu, kwa kuchelewa, badala ya herufi moja moja, huo ni mwelekeo mzuri wa kuchunguza: ukurasa ni mzima, njia ya moja kwa moja ndiyo iliyozibwa.

Vidakuzi, na kwa nini ukurasa wa kuingia unazunguka

Hili ndilo fundo gumu kuliko yote, na ndilo linaloelezwa vibaya kuliko yote.

Itifaki ya wavuti haina kumbukumbu. Kila ombi linalofika kwa seva ni kama la mgeni. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, alibuni kidakuzi: kipande kifupi cha maandishi ambacho seva hukikabidhi kwa kivinjari, na kivinjari hukirudisha kila kinapokwenda tena kwa seva hiyo. Ukiingia kwa nenosiri, kidakuzi ndicho kinachosema "huyu ni yuleyule wa asubuhi". Ukizima vidakuzi vyote, hakuna mfumo wa kushirikiana utakaofanya kazi, na huo si ujanja wa kampuni yoyote. Hakuna namna nyingine iliyozoeleka ya kukutambua.

Ugomvi uko kwenye vidakuzi vya wahusika wengine. Upo kwenye tovuti A, lakini ndani yake kumepachikwa kisehemu kinachotoka tovuti B, nacho kinataka kusoma kidakuzi cha B. Watangazaji wametumia njia hii kwa miaka mingi kufuatilia watu wanakopita. Safari ilianza kuvizuia vyote kwa chaguo-msingi Machi 2020. Firefox ilianza kuvitenganisha kwa watumiaji wake wote mwaka 2022, kila tovuti na chungu chake. Chrome ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaviondoa, ikaahirisha mara kadhaa, na Julai 2024 Google ikaachana na mpango huo, ingawa katika hali fiche (incognito) Chrome inavizuia.

Shida ni kwamba mifumo mingi ya kushirikiana haikai kwenye anwani moja. Tuseme hati ziko hati.example na huduma ya kukutambulisha iko ingia.example. Majina ni ya kubuni, muundo ni wa kweli. Unafungua hati.example. Kwa siri, ukurasa huo unapachika kidirisha kisichoonekana kinachotoka ingia.example, na kukiuliza: mtu huyu ameshaingia? Ili kujibu, kidirisha hicho kinahitaji kidakuzi chake. Lakini kwa sasa ingia.example ni mhusika mwingine, kwa kuwa upau wa anwani unasomeka hati.example. Kivinjari kinakinyima kidakuzi. Kidirisha kinajibu: simjui. Basi hati.example inakupeleka ingia.example uandike nenosiri. Ukifika kule, ingia.example ndiyo iliyo kwenye upau wa anwani, kidakuzi chake kinasomeka vizuri, nayo inasema: lakini huyu ameshaingia, arudi. Unarudishwa hati.example, inauliza tena kupitia kidirisha, inajibiwa tena simjui. Mzunguko huo unaweza kwenda mpaka kivinjari chenyewe kikauchoka na kuandika kwamba ukurasa umeelekezwa upya mara nyingi mno.

Ukishaelewa hivyo, unaona kwa nini kubadilisha nenosiri hakusaidii, na kwa nini kufuta vidakuzi vyote husaidia mara moja kisha tatizo likarudi. Tiba ni kuruhusu vidakuzi vya wahusika wengine kwa mfumo huo tu. Kwenye Chrome na Edge, fungua mipangilio ya faragha, nenda kwenye vidakuzi, na katika orodha ya tovuti zinazoruhusiwa ongeza anwani ya mfumo. Ukiandika [*.]hati.example, alama ile ya nyota itajumuisha tawi lote la anwani hiyo. Kwenye Firefox, bofya alama ya ngao iliyo kushoto mwa anwani ukiwa ndani ya mfumo, uzime ulinzi ulioimarishwa kwa tovuti hiyo peke yake. Safari haina orodha ya namna hii. Ina swichi moja ya kuzuia ufuatiliaji wa tovuti kwa tovuti, ama inafanya kazi kote ama haifanyi kabisa. Kama mfumo wenu unadai swichi hiyo izimwe, mimi ningechagua kuutumia kwa kivinjari kingine na kuiacha Safari na ulinzi wake, kuliko kuzima swichi ile kwa ajili ya tovuti moja.

Kuhusu kufuta: kuna wakati ambapo data iliyohifadhiwa imeharibika kweli, na kufuta ni sawa. Lakini futa data ya tovuti hiyo tu. Historia na nywila za tovuti nyingine zote hazihusiki. Na kuna hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Mifumo inayoruhusu kufanya kazi bila intaneti huweka mabadiliko yako ndani ya hifadhi ya kivinjari mpaka mtandao urudi. Ukifuta data ya tovuti kabla hayajapelekwa, umeyafuta moja kwa moja, na hakuna nakala nyingine. Safari huenda mbali zaidi: data ambayo ukurasa umeiandika kwa JavaScript hufutwa baada ya siku 7 za kutumia Safari bila wewe kuigusa tovuti husika. Ukiandika rasimu bila mtandao kisha ukaenda likizo, usiitegemee hifadhi hiyo.

Kabla ya kufuta chochote, jaribu kwanza kupakia upya kwa nguvu: Ctrl+Shift+R kwenye Windows na Linux, Cmd+Shift+R kwa Chrome na Firefox kwenye Mac. Hiyo inakiambia kivinjari kisitumie mafaili ya zamani kilichoyaweka akiba, bila kugusa vidakuzi wala rasimu. Inatosha pale mfumo uliposasishwa usiku, vitufe vikagoma asubuhi.

Kamera, maikrofoni na skrini: milango mitatu

Sauti isipotoka, watu huhangaika na mlango mmoja na kusahau kwamba ipo mitatu, na yote ni lazima iwe wazi.

Mlango wa kwanza ni wa mfumo endeshi. Windows ina ukurasa wa faragha wenye swichi ya kamera na ya maikrofoni, na chini yake swichi ya kuruhusu programu za mezani, kundi ambalo vivinjari vimo. Apple ilianza kudai idhini ya kamera na maikrofoni kwenye macOS Mojave ya 2018, na mwaka uliofuata, kwenye Catalina, ikaongeza idhini ya kurekodi skrini. Hiyo ya skrini huwasumbua wengi katikati ya wasilisho. Unabofya kuonyesha skrini, wenzako wanaona mandhari ya nyuma tu bila madirisha, au hawaoni kitu. Idhini inatolewa kwenye mipangilio ya Mac, na mara nyingi haianzi kufanya kazi mpaka ukifunge kivinjari kabisa na kukifungua tena. Maana yake unatoka mkutanoni. Ifanye jana yake.

Mlango wa pili ni wa kivinjari kwa tovuti hiyo. Mara ya kwanza kilikuuliza kama mfumo utumie maikrofoni. Ukabofya kuzuia, pengine kwa haraka, na kivinjari kikaweka jibu lako kama uamuzi wa kudumu. Hakiulizi tena. Ukurasa unaendelea kukwambia "ruhusu maikrofoni" na wewe huoni pa kuruhusu. Bofya alama iliyo mwanzoni mwa upau wa anwani. Zamani ilikuwa kufuli. Chrome iliiondoa kufuli hiyo mwaka 2023 na kuweka alama ya vitelezi. Itafunguka orodha ya ruhusa za tovuti uliyopo. Badilisha maikrofoni kuwa "ruhusu", pakia ukurasa upya. Katika makala yote hii, kama utakumbuka sehemu moja tu ya kubofya, iwe hiyo, kwa sababu kamera, arifa, madirisha ibukizi, sauti na ubao wa kunakili vyote vinadhibitiwa kutoka hapo, na vyote kwa tovuti moja.

Mlango wa tatu ni wa mfumo wenyewe, yaani kitufe cha kunyamazisha na orodha ya kuchagua kifaa. Ukichomeka vipokea sauti katikati ya mkutano, mfumo unaweza kubaki unasikiliza maikrofoni ya kompyuta. Na kwenye Windows, programu nyingine iliyokwisha kuishika kamera inaweza kuifanya isipatikane kwa kivinjari, hata milango yote ikiwa wazi.

Kuna sharti moja lisilo na mjadala: anwani ianze na https, yaani mawasiliano yake yamesimbwa yasisomwe na wengine njiani. Chrome iliacha kutoa kamera na maikrofoni kwa kurasa zisizo na usimbaji tangu toleo la 47, mwishoni mwa 2015, na wengine wakafuata. Kama shirika limejiwekea mfumo wake kwenye seva ya ndani na kuufungua kwa http, wafanyakazi hawatapata video, na hakuna swichi ya kawaida kwenye kompyuta zao itakayowaokoa. Kazi hiyo ni ya msimamizi wa seva: aweke cheti cha usalama kinachothibitisha anwani na kuwezesha https.

Wenye iPhone nao wajue jambo moja. Karibu kote duniani, kila kivinjari kwenye simu hiyo kinaendeshwa na injini ya Safari, WebKit, hata nembo ikiwa ya Chrome au Firefox. Kinachogoma kwenye kimoja kwa sababu ya injini kitagoma kwenye vyote, kwa hiyo kubadilisha kivinjari pale ni kubadilisha sura.

Vitu vidogo vinavyokata kazi

Madirisha ibukizi yanazuiwa kwa sababu nzuri, lakini mifumo mingi hufungua dirisha dogo la kuingia, au la kuchagua faili kutoka hifadhi ya wingu. Likizuiwa, unabofya kitufe na hakuna kinachotokea. Angalia mwisho wa upau wa anwani. Huwa kuna alama ndogo inayosema kuna dirisha limezuiwa. Liruhusu kwa tovuti hiyo.

Arifa zina milango miwili, wa kivinjari na wa mfumo endeshi, na ule wa pili hujifunga wenyewe unapowasha hali ya usinisumbue.

Vichupo vilivyolala ni adui mpya. Ili kuokoa kumbukumbu na betri, Chrome na Edge hukilaza kichupo ambacho hujakigusa kwa muda. Kwa ukurasa wa kusoma hilo halidhuru kitu. Kwa chumba cha soga cha timu, kichupo kilicholala kinaweza kuwa kimekata njia yake ya mawasiliano, na ujumbe wa saa nne unakufikia saa sita ulipokibofya. Vivinjari vyote viwili vina orodha ya tovuti zisizolazwa kamwe. Weka humo anwani ya mfumo wenu, usiweke nyingine kumi, maana utarudi kwenye kompyuta nzito.

Kubandika pia kuna siri yake. Ctrl+V inakubalika kwa sababu kivinjari kinajua ni wewe uliyebonyeza. Ukichagua "bandika" kwenye menyu ya mfumo, ni ukurasa ndio unaoomba kusoma ubao wako wa kunakili, ambao unaweza kuwa na nenosiri ulilonakili dakika iliyopita. Kivinjari kikisita hapo, kinakutendea haki.

Wasifu wa kazini peke yake

Ningeulizwa jambo moja la kufanya leo, ningesema: tengeneza wasifu wa kivinjari kwa ajili ya kazi. Chrome, Edge na Firefox zina uwezo huo, na Safari iliupata mwaka 2023. Wasifu ni kivinjari ndani ya kivinjari. Una vidakuzi vyake, viendelezi vyake, nywila zake, ruhusa zake, dirisha lake. Ruhusa ulizolegeza kwa ajili ya mfumo wa kazi hazigusi kurasa unazosoma jioni, na kiendelezi ulichosakinisha nyumbani hakisomi hati za ofisi.

Wasifu pia unamaliza tatizo la akaunti mbili. Unatumiwa kiungo cha hati, unafungua, unaambiwa huna ruhusa. Unamwandikia mwenye hati, anaapa kwamba alikupa. Wote mnasema kweli. Aliipa ruhusa anwani yako ya kazini, na kivinjari kimejitambulisha kwa anwani yako binafsi, iliyoingia kwanza. Kwenye huduma za Google utaona hata kwenye anwani ya ukurasa: u/0 ni akaunti iliyoingia kwanza, u/1 ni ya pili. Kila akaunti ikiwa na wasifu wake, mkanganyiko huo haupati nafasi.

Viendelezi navyo vinahitaji kuangaliwa kwa macho makali. Kizuia matangazo kinaweza kukata ombi halali kwa sababu anwani yake imefanana na ya mfuatiliaji. Kikagua sarufi, kitafsiri, kigeuza rangi, kila kimoja huingiza msimbo wake ndani ya ukurasa, na kihariri cha pamoja ambacho kinahesabu kila herufi hakipendi mkono wa tatu. Kuna la zaidi ya kugoma: kiendelezi chenye ruhusa ya "kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote" kinaweza kusoma hati zenu zote. Kwenye wasifu wa kazi kiwepo kile tu ambacho kazi inakidai.

Namna ya kujua kama kosa ni la kiendelezi, watu hupendekeza kufungua mfumo kwenye hali fiche. Ni jaribio zuri lakini lisomwe kwa uangalifu, kwa maana linabadilisha mambo mawili kwa pamoja. Viendelezi huzimwa, isipokuwa ulivyoviruhusu humo, na papo hapo vidakuzi vyote vinaanza upya, huku vile vya wahusika wengine vikizuiwa kwenye Chrome. Mfumo ukifanya kazi humo, umejifunza kwamba kosa liko kwenye viendelezi au kwenye data ya zamani. Ukigoma, hujajifunza kitu, kwa sababu huenda umegoma kwa kosa jipya la vidakuzi. Jaribio safi zaidi ni wasifu mpya mtupu, au kwenye Firefox, hali ya utatuzi iliyo kwenye menyu ya msaada, ambayo huzima viendelezi bila kufuta chochote.

Pale kivinjari hakina kosa

Mambo mengine yako nje ya uwezo wa mipangilio yako. Mikutano ya video hupenda kusafirisha sauti kwa UDP, kwa sababu itifaki hiyo haisubiri kipande kilichopotea. Ngome ya mtandao wa ofisi (firewall) ikiifunga bandari, yaani mlango wa mawasiliano, ya 3478, ambayo Google Meet, Microsoft Teams na wengi wengine huitumia, sauti italazimika kupita njia ya TCP, itifaki inayosubiri kila kipande kifike, na kukatika, au isipite kabisa. Dalili ni rahisi kuitambua: ukitumia intaneti ya simu, kila kitu ni sawa. Ukirudi kwenye mtandao wa ofisi, kinaharibika. Mpe fundi wa mtandao taarifa hiyo kama ilivyo, inamfaa kuliko "video inasumbua".

Ukikuta onyo la cheti, tazama kwanza saa na tarehe ya kompyuta. Kila cheti kina siku ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani iko mwaka mwingine itakikataa hata kikiwa halali. Saa ikiwa sahihi na onyo likabaki, usilipite kwa nguvu. Hapo ndipo mfumo wa kushirikiana unapokuwa hatari kuliko tovuti ya kawaida, kwa sababu humo mna kazi ya watu wote, si yako peke yako.

Na kama menyu ya kivinjari inasema kinasimamiwa na shirika lako, swichi ulizoziona za kijivu zimefungwa na msimamizi. Usipoteze alasiri kuzibofya.

Mifumo ya zamani iliyodai ActiveX au Flash, teknolojia za kuviongezea vivinjari uwezo, haina njia ya kawaida tena. Flash ilifikia mwisho tarehe 31 Desemba 2020, na Internet Explorer 11 ikastaafishwa 15 Juni 2022. Edge imebaki na hali ya kuiga Internet Explorer, ambayo Microsoft imeahidi kuihudumia hadi angalau 2029, na msimamizi anaweza kuiwasha kwa anwani mahususi. Ni daraja la muda. Anayekushauri upakue kivinjari cha zamani ili mfumo wa zamani uendelee, anakutaka ufungue kila shimo lililozibwa tangu wakati huo.

Ikibidi kuomba msaada, andika jina na toleo la kivinjari, anwani kamili iliyogoma, saa iliyogoma, na kama inagoma pia kwenye wasifu mpya. Bonyeza F12, fungua sehemu ya konsoli, inakoandikwa makosa ya ukurasa, piga picha mistari myekundu. Fundi anaweza pia kukuomba faili la HAR, ambalo ni kumbukumbu ya kila ombi kati ya kivinjari chako na seva. Kuwa mwangalifu nalo. Linaweza kubeba vidakuzi vyako vya kuingia, na mwenye navyo anaweza kuingia kama wewe bila nenosiri. Oktoba 2023 ilibainika kwamba wavamizi walifika kwenye mfumo wa huduma kwa wateja wa Okta, kampuni ya huduma za kuwatambua watumiaji wanapoingia kwenye mifumo, wakachukua mafaili ya aina hiyo yaliyoletwa na wateja, na kutumia vidakuzi vilivyokuwamo. Chagua kuhamisha faili bila taarifa nyeti pale kivinjari kinapokupa chaguo hilo, na kabla ya kulituma, toka kwenye mfumo kwa kitufe cha kutoka, kisha uingie upya. Kwa mifumo mingi, kutoka kunabatilisha kidakuzi cha zamani, na kile kilichomo ndani ya faili hakifungui tena kitu.